RTX 5080 Super: Hesabu Yote Iko Kwenye Kumbukumbu

Tuanze na namba 10,752. Hiyo ndiyo idadi ya viini vya kuchakata vilivyomo ndani ya chipu ya GB203 ikiwa nzima, bila kipande chochote kuzimwa kiwandani. RTX 5080, kadi ya grafiki iliyoingia sokoni tarehe 30 Januari 2025 kwa bei elekezi ya dola 999, inavitumia vyote. Hakuna hata kimoja kilichowekwa akiba. Ndiyo maana kila ninapomsikia mtu akiapa kwamba RTX 5080 Super itaipita kadi hiyo kwa asilimia 20 au 25, swali langu huwa moja tu: nguvu hiyo itatoka wapi?

Kwa asiyefuatilia mambo haya, "Super" ni jina ambalo Nvidia hulitoa kwa kadi zinazorekebishwa katikati ya kizazi, kabla chipu mpya kabisa hazijafika. Tetesi zilizozagaa tangu mwaka 2025 zinataja kadi tatu: 5070 Super yenye GB 18 za kumbukumbu, 5070 Ti Super yenye GB 24, na 5080 Super yenye GB 24 pia. Wengi tuliamini zingetangazwa kwenye maonyesho ya CES jijini Las Vegas, Januari 2026. Maonyesho yakaja, yakapita. Nvidia wakazungumzia programu yao ya DLSS 4.5, kadi mpya hawakuleta. Tangu siku hiyo mashabiki wamegawanyika, huku wakisema mradi umefutwa, kule wakisema umesogezwa mbele tu. Mimi naona mabishano hayo yanaruka hatua ya kwanza. Kabla ya kuuliza kadi itakuja lini, inabidi tujue imetengenezwa kwa vitu gani, maana jibu la tarehe limo humo humo.

Nguvu kwanza, kwa sababu ndiyo inayopigiwa kelele zaidi na ndiyo rahisi kuimaliza.

Kama GB203 imeshatumika yote, njia ya kuongeza viini ni kuchukua chipu kubwa zaidi, GB202, ile ya RTX 5090, na kuikata. Kinadharia inawezekana. Lakini GB202 ni chipu ya milimita za mraba 750 hivi, takriban mara mbili ya GB203, na zile zinazotoka kiwandani zikiwa na kasoro zimeshapata kazi kwenye kadi za kitaalamu kama RTX PRO 5000 yenye GB 48. Mfanyabiashara hawezi kuchukua mzigo ambao una mnunuzi wa bei ya juu akaushusha kwa mnunuzi wa dola elfu moja. Njia hiyo naifunga.

Zinabaki njia mbili ndogo. Moja ni kuongeza kasi ya chipu. Kasi rasmi ya juu ya 5080 ni gigahezi 2.62, na waliozijaribu kadi hizi waliweza kuzisukuma hadi kwenye gigahezi 3 bila shida kubwa, kwa hiyo nafasi ipo, ila inalipiwa kwa umeme: kutoka wati 360 za sasa kwenda 400 na ushee, kama tetesi zenyewe zinavyosema. Nyingine ni kuharakisha kumbukumbu. Leo 5080 inapitisha gigabaiti 960 kwa sekunde. Ikifungwa kumbukumbu yenye kasi ya gigabiti 32 kwa sekunde badala ya 30, itafika gigabaiti 1,024, ongezeko lisilofika asilimia 7. Changanya yote hayo, ondoa yale yanayopotea njiani, na makadirio yangu ni asilimia 5 hadi 8 katika gemu za 4K. Hapo nimekadiria kwa ukarimu.

Historia inaniunga mkono. RTX 4080 Super ya Januari 2024 ilikuwa na viini 10,240 dhidi ya 9,728 vya 4080 ya kawaida, yaani asilimia 5 zaidi, lakini kwenye gemu tofauti ilikuwa asilimia moja hadi tatu. Mtu asingeweza kuiona kwa macho. Na 5070 Super? Chipu yake, GB205, ikiwa nzima ina viini 6,400, na 5070 ya sasa ina 6,144. Fanya hesabu mwenyewe.

Kwa nini basi kadi hizi zinasubiriwa kwa hamu hivi? Kwa sababu ya kumbukumbu. Hapa ndipo pa kukaa kitako.

Chipu moja ya kumbukumbu ya GDDR7 huunganishwa na GPU, yaani chipu kuu ya kadi, kwa njia ya biti 32. Kadi ya biti 256 kama 5080 ina nafasi ya chipu 8. Chipu za kawaida ni za GB 2, ndiyo maana kadi ina GB 16. Lakini siku hizi zipo chipu za GB 3. Ondoa nane za GB 2, weka nane za GB 3, na bila kugusa GPU, bila kupanua njia, bila kuchora upya bodi nzima, umepata GB 24. Vivyo hivyo 5070, yenye biti 192 na nafasi sita, hutoka GB 12 ikafika 18. Kwa mhandisi hii ni kazi nyepesi. Tena imeshafanyika: RTX 5090 ya kompyuta mpakato inatumia GB203 hiyo hiyo na ina GB 24. Kwa hiyo anayesema kadi imechelewa kwa sababu ya ugumu wa kiufundi anakosea.

GB 8 za ziada zinambadilishia mtu nini? Kwa mcheza gemu wa leo, si mengi, kwa sababu GB 16 bado zinamtosha kwenye gemu karibu zote. Wanaoumia ni wenye kadi za GB 8. Kwa mtu wa kazi hadithi ni nyingine kabisa. Chukua modeli ya lugha yenye vigezo bilioni 32, ile anayoiendesha mwanafunzi au mtengeneza programu kwenye mashine yake bila kulipia huduma ya mtu. Hata ikibanwa hadi biti 4 kwa kila kigezo, uzito wake peke yake ni GB 16, kabla hujahesabu nafasi ya mazungumzo yenyewe. Kwenye 5080 haiingii. Kwenye GB 24 inaingia na kupumua. Mchora majengo mwenye mandhari nzito ya Blender, mhariri anayepanga tabaka juu ya tabaka kwenye DaVinci Resolve, wote wanaijua hali hiyo.

Na kumbukumbu ikijaa, kadi haipungui kasi taratibu. Inaporomoka. Data iliyokosa nafasi huhamia kwenye RAM ya kompyuta, na barabara ya kwenda huko, PCIe 5.0 yenye njia 16, hupitisha gigabaiti 64 hivi kwa sekunde. Linganisha na 960. Ni mara kumi na tano pungufu. Mtu anayehitaji GB 20 na ana 16 hakosi sehemu moja ya tano ya utendaji. Anakosa karibu kazi yote. Ndiyo sababu sikubaliani na wachambuzi wanaopima kadi hii kwa fremu za gemu pekee halafu wakaitupa. Asilimia 5 ya fremu ni kitu kidogo. Kuvuka kizingiti cha GB 16 ni kikubwa.

Sasa twende kwenye uchelewaji. Kumbukumbu za aina hii duniani hutengenezwa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Kampuni hizo hizo ndizo zinazotengeneza HBM, kumbukumbu ya mashine kubwa za akili mnemba, na mitambo, vyumba safi na wahandisi ni wale wale. Tangu nusu ya pili ya 2025 vituo vya data vimenunua kumbukumbu kwa kasi ambayo viwanda havikuitarajia. Bei ya RAM ya kawaida ya DDR5 ilipanda zaidi ya mara mbili katika miezi michache. Desemba 2025 Micron ikatangaza kuachana na Crucial, jina ambalo wajenzi wa kompyuta tumelitegemea kwa miaka mingi, ili iwahudumie wateja wake wakubwa. Ukiona kampuni inafunga duka la rejareja kwa sababu mteja wa jumla anachukua kila kitu mlangoni, ujue soko limegeuka.

Jiweke kwenye kiti cha mpangaji wa bidhaa wa Nvidia. Mezani una chipu 32 za GDDR7 za GB 3. Unaweza kutengeneza RTX 5080 Super nne, kila moja chipu nane, ukauza jumla ya dola elfu nne na kitu. Au unaweza kuzifunga zote 32 kwenye RTX PRO 6000 moja yenye GB 96, ambayo mwaka 2025 dukani ilitembea kwenye dola 8,000 hivi. Ni kweli kadi hiyo inatumia GPU kubwa na ghali zaidi. Hata hivyo, kama kilicho adimu ni kumbukumbu, basi kila chipu ya kumbukumbu inapata takriban mara mbili ikienda kwa mteja wa kitaalamu. Nani angezipeleka kwa wacheza gemu?

Ongeza hili. Katika mwaka wa fedha wa Nvidia ulioishia Januari 2025, mapato yote yalikuwa dola bilioni 130.5. Vituo vya data vilileta bilioni 115.2. Gemu zilileta 11.35, chini ya asilimia 9. Kampuni iliyojengwa na wacheza gemu, iliyopata jina kwa sababu ya vijana waliokusanya senti zao kununua GeForce, leo inaweza kuchelewesha kadi ya gemu kwa mwaka mzima na vitabu vyake visitikisike. Hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Kuna sababu nyingine ya kuchelewa, nayo haina uhusiano na viwanda. Ni ukosefu wa ushindani.

Tazama jinsi Super zilivyokuja huko nyuma. Julai 2019 AMD, wapinzani wa Nvidia, walikuwa wanajiandaa kuzindua RX 5700 na RX 5700 XT tarehe 7. Tarehe 2 Nvidia wakatangaza 2060 Super kwa dola 399 na 2070 Super kwa dola 499, wazi kabisa ili kuwaharibia wenzao sherehe. AMD wakasubiri siku tatu, wakashusha 5700 XT kutoka dola 449 hadi 399 kabla hata haijafika dukani, na mkuu wao wa kadi, Scott Herkelman, akajigamba hadharani kwamba mpinzani ameingia mtegoni. Mnunuzi ndiye aliyeshinda wiki ile. Halafu Januari 2024: RTX 4080 ilikuwa imekaa rafuni kwa dola 1,199 huku RX 7900 XTX ya AMD ikiuzwa kwa chini ya hapo na ikiwa na GB 24. 4080 Super ikaja kwa dola 999. Kwa hesabu yangu ile haikuwa kadi mpya, ilikuwa punguzo la dola 200 lililovishwa jina.

Mara zote mbili kulikuwa na mtu nyuma ya Nvidia anayewasukuma. Leo hayupo, angalau kwenye ngazi hii. Septemba 2024 Jack Huynh wa AMD alisema wazi kwamba kampuni yake inatafuta kwanza wingi wa watumiaji, na kwamba taji la kadi kubwa kuliko zote halikuwa lengo la wakati huo. Walitimiza walichosema. RX 9070 XT, iliyoingia sokoni tarehe 6 Machi 2025 kwa dola 599 na GB 16, ni kadi nzuri sana inayopambana na 5070 Ti ya dola 749. Inaishia hapo. Juu yake, kuanzia 5080 kwenda mbele, Nvidia wanacheza peke yao. Intel nao, kwa Arc B580 ya dola 249 na GB 12, wanapigana kwenye ngazi ya chini.

Uzinduzi wa 9070 XT una funzo kwa anayebashiri bei. AMD walikwenda CES Januari 2025 na wengi walitarajia waitangaze jukwaani. Hawakuitaja. Kabla mwezi huo haujaisha, maboksi yalikuwa yameshaanza kufika madukani. Wao walisema wanataka muda wa kukamilisha programu. Naamini hilo lilikuwa kweli, lakini naamini pia kwamba walitaka kwanza kuziona bei za Nvidia. Walipoziona, wakasubiri hadi tarehe 28 Februari, wakataja dola 599, na soko likashangilia. Mzigo wa kwanza ulipoisha, ile 599 ikawa adimu na kadi zikapanda. Bei elekezi ilikuwa ya kweli kwa waliowahi foleni.

Kwa hiyo bei ya 5080 Super itakuwa ngapi? Miezi sita kabla ya CES ya 2026 ningesema dola 999, na 5080 ya kawaida iondoke kimyakimya. Ndivyo ilivyofanyika 2024, na ndilo tarajio lililokuwa na mantiki. Leo sithubutu. Kumbukumbu ni nusu zaidi, imepanda bei, hakuna mpinzani, na kwa bei elekezi, kati ya 5080 ya dola 999 na 5090 ya dola 1,999 pana pengo la dola elfu nzima lisilo na kadi hata moja. Mfanyabiashara hulijaza pengo kama hilo kutoka katikati, si kutoka chini. Ubashiri wangu ni dola 1,199 kwenye karatasi, na dukani zaidi ya hapo kwa miezi mitatu ya mwanzo.

5070 Ti Super ndiyo ninayoitilia shaka kuliko zote. GB 24 na viini 8,960 kwa bei iliyo jirani na dola 749 ingekuwa kadi bora ya kazi kuliko zote za ngazi yake, na hapo ndipo penye tatizo. Nvidia tayari wanauza RTX PRO 4000 yenye viini hivyo hivyo 8,960 na GB 24 hizo hizo, kwa ofisi, kwa bei ya juu zaidi. Wakitoa ile ya gemu, kila ofisi ndogo ya usanifu itaacha kununua ya kitaalamu. Kama mojawapo ya tatu hizi haitazaliwa, nadhani ni hii. 5070 Super yenye GB 18 nayo italeta mkanganyiko wa kadi ya chini kuwa na kumbukumbu kubwa kuliko 5070 Ti na 5080 zilizo juu yake, lakini hayo wauzaji huyamaliza kwa kushusha bei za walio katikati.

Neno moja kuhusu namba za jukwaani, maana siku kadi ikitangazwa zitamwagika. Januari 2025 Jensen Huang, mkuu wa Nvidia, alisimama Las Vegas akasema RTX 5070 ya dola 549 ina utendaji wa 4090, kadi iliyoanza kwa dola 1,599. Namba ile ilipatikana kwa kuiruhusu DLSS 4 itengeneze hadi fremu tatu za kubuni kwa kila fremu moja iliyochorwa kweli. Bila hilo, 5070 haiikaribii 4090. Teknolojia yenyewe ni nzuri na ninaitumia. Ila fremu ya kubuni haiongezi wepesi wa kuitikia kidole chako, na haimsaidii kitu mtu wa Blender. Kila chati utakayoonyeshwa, tafuta maandishi madogo chini yake.

Sasa kwetu. Dola 999 ni bei elekezi ya Marekani kabla ya kodi ya mauzo. Ikifika Dar es Salaam, VAT ya asilimia 18 peke yake inaifanya dola 1,179. Nairobi, kwa asilimia 16, dola 1,159. Hapo hujaweka usafiri, faida ya aliyeitoa Dubai, wala ya aliye Kariakoo. Dola 1,199 inakuwa 1,415 kwa hesabu hiyo hiyo ya Dar. Na kadi ya wati 400 haifungwi kwenye pawasaplai yoyote iliyopo. 5080 ya sasa inadai ya wati 850, na ninazungumzia wati 850 za kweli, si za kwenye stika. Nimefungua mashine nyingi za watu zenye maboksi mepesi yaliyoandikwa namba kubwa, na kadi nilizokuta zimeungua humo ziliungua kwa sababu hiyo.

Mteja wangu mmoja, mhariri wa video, alikuja katikati ya 2025 akitaka mashine mpya. Nikamshauri asubiri Super. Ushauri ule ulikuwa na hoja wakati huo, lakini ulimgharimu. Aliporudi Januari, kadi haikuwepo, na RAM ya GB 64 tuliyokuwa tumeipangia bajeti ilikuwa imepita zaidi ya mara mbili ya bei ya mwanzo. Kazi zake anazifanya na kuzimaliza ndani ya GB 16. Angenunua 5070 Ti siku ile ile, angekuwa ameshailipa kwa kazi zake.

Kwa hiyo leo nawaambia wanaoniuliza hivi: fungua kazi yako nzito kuliko zote na utazame kumbukumbu ya kadi inatumika kiasi gani. Ikiwa haivuki GB 14, nunua 9070 XT au 5070 Ti sasa, kwa sababu hakuna Super yoyote itakayokupa zaidi ya asilimia 8. Ikiwa inavuka 16 na kazi inakuletea kipato, tafuta kadi ya GB 24 iliyotumika, RTX 3090 au 7900 XTX, ijaribiwe mbele yako kwa saa nzima kabla hujatoa pesa. Kusubiri nakubali kwa mtu mmoja tu: anayehitaji GB 24 mpya, mwenye mashine inayoendelea kumfanyia kazi, na aliye tayari kulipa dola 1,415 bila kukopa.